Picha zinapokwama, usikimbilie dukani

HAKUNA jambo linaloudhi nyumbani kama kuwaita watu sebuleni watazame video, kisha picha zianze kukwamakwama kama matatu iliyoishiwa na petroli. Sauti inatangulia, midomo inafuata baadaye. Watoto wanacheka, wakubwa wananung'unika, na kabla chai haijapoa kila mtu amekwisha kuwa fundi.

Hayo yalitupata wikendi moja mwezi uliopita. Nyanya, mamake mama, alikuwa ameletwa Nairobi kumwona daktari wa macho. Jicho lake moja halioni vyema tena, na la pili limeanza kuingia ukungu. Hakuhudhuria harusi ya dada yangu mdogo kwa sababu siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini. Kwa hivyo tangu atue kwetu alikuwa na ombi moja tu: aonyeshwe kanda ya harusi. Kwake yeye, video yoyote bado ni kanda. Jumatatu alfajiri alitakiwa kupanda basi arudi nyumbani.

Siku ya Ijumaa jioni tulimweka kwenye kiti cha mbele, tukawasha televisheni pamoja na kompyuta ndogo iliyounganishwa nayo. Dakika mbili hazijapita, Nyanya akanigeukia.

"Mjukuu wangu, mbona watu hawa wanatembea kama waliopigwa na stima?"

Mpwa wangu anayesomea chuoni alikuwa na jibu tayari. "Shangazi, hii kompyuta imechoka. Tununue nyingine." Baba watoto akailaumu intaneti, ijapokuwa video yenyewe haikuwa ikitoka kwenye intaneti. Tukampigia simu muuzaji mmoja wa mjini. Naye, bila kuuliza ni video gani wala ni kompyuta ipi, akatushauri twende kesho yake atuuzie mpya.

Pesa tulikuwa nazo. Lakini zilikuwa karo ya muhula wa tatu.

Mpenzi msomaji, nakusimulia kisa hiki kwa sababu najua katika mitaa yetu ziko nyumba nyingi zenye kompyuta ndogo au laptopu kuukuu inayotumiwa kutazama filamu na masomo ya watoto. Na ninalotaka kukuambia ni hili: kukwama kwa picha si ugonjwa, ni dalili. Homa yaweza kuwa ya malaria, yaweza kuwa ya kifua, na daktari anayetoa dawa kabla ya kupima ni wa kuogopwa. Kompyuta nayo hupimwa kwanza, na vipimo vyenyewe havigharimu hata shilingi.

KOMPYUTA YENYEWE

Kompyuta yetu ni Raspberry Pi 4. Kwa wasioifahamu, Raspberry Pi ni kompyuta iliyobuniwa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka wa 2012. Ubao wake unakaribia ukubwa wa kitambulisho cha kitaifa. Hii ya nne ilitolewa mwaka wa 2019. Chaja yake ni ya voti 5 na ampea 3, yaani wati 15 kwa wingi, na ndiyo sababu familia nyingi huipenda: hata ikiwashwa kutwa, mita ya stima haikimbii.

Basi kitu kidogo kama hicho huwezaje kuonyesha video ya kiwango cha juu? Siri iko katika kushindilia. Picha moja ya kiwango kinachoitwa 1080 ina nukta 1,920 kwa upana na nukta 1,080 kwa urefu. Ukizidisha unapata zaidi ya milioni mbili. Picha kama hizo zikipita 25 au 30 kila sekunde bila kushindiliwa, flashi yako ingejaa kabla bibi harusi hajafika kanisani. Kwa hivyo video hushindiliwa kama nguo kwenye sanduku la safari, na kompyuta huzikunjua wakati unapotazama.

Iko mitindo kadhaa ya kushindilia. Ule uliozoeleka zaidi unaitwa H.264, wa mwaka wa 2003. Ukafuatwa na H.265, uitwao pia HEVC, pamoja na VP9, yote ya mwaka wa 2013. Kisha mwaka wa 2018 ukaja AV1. Kila mtindo mpya hubana zaidi, lakini pia kuukunjua ni kazi ngumu zaidi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Ndani ya kompyuta ndogo mna sehemu maalumu iliyoundwa kukunjua mitindo fulani tu. Ukiipa mtindo inaoujua, kazi hufanyika kwa wepesi. Ukiipa usioujua, kazi yote huangukia prosesa, na prosesa ya kompyuta ndogo haina misuli hiyo. Hapo ndipo picha zinapochelewa na nyingine kutupwa kabisa, huku sauti, ambayo ni mzigo mwepesi, ikiendelea na safari yake.

KIPIMO CHA KWANZA: NJIA

Anza kwa kuuliza video inatoka wapi. Ikiwa inapita hewani kutoka kwa ruta au kompyuta nyingine, yawezekana kosa liko njiani. Nakili faili hiyo kwenye flashi, uichomeke moja kwa moja, kisha utazame tena. Picha zikinyooka, tatizo lilikuwa mtandao. Sogeza ruta, tumia masafa ya gigahezi 5 badala ya 2.4 ambayo katika majumba ya ghorofa hugombaniwa na majirani wote, au vuta waya.

Waweza hata kupiga hesabu mwenyewe. Video yetu ya harusi ilikuwa ya gigabaiti 18 na urefu wa dakika 40, ambazo ni sekunde 2,400. Ukigawa, unapata megabaiti 7.5 kila sekunde, yaani megabiti 60. Mzigo kama huo waweza kulemea waifai dhaifu, lakini flashi nzuri huubeba bila taabu. Yetu ilikuwa tayari kwenye flashi. Kwa hivyo baba watoto alikuwa ameisingizia intaneti bure.

KIPIMO CHA PILI: STIMA

Raspberry Pi isipopata nguvu za kutosha hujipunguzia kasi yenyewe ili isizimike. Voti zikishuka chini ya 4.63 huonyesha alama ya radi ya manjano pembeni mwa skrini, au ilani kwamba nguvu ni kidogo. Watu wengi huiona alama hiyo wakadhani ni pambo.

Ukitaka uhakika, fungua dirisha la kuandikia amri, uandike vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, mambo ni shwari tangu ilipowashwa. Likiwa 0x50005, basi wakati huo huo inakosa nguvu na imepunguza kasi. Likiwa 0x50000, ilikosa nguvu hapo awali ijapokuwa sasa imepata nafuu.

Yetu ilituandikia 0x50005. Mpwa wangu akainama nyuma ya televisheni, akakuta kompyuta inalishwa na chaja kuukuu ya simu ya mkono kwa waya mrefu mwembamba. Chaja iliyokuja nayo alikuwa ameichukua yeye mwenyewe wiki mbili zilizotangulia ili achajie simu yake.

"Pole, shangazi," akasema, akaenda kuitoa chumbani kwake.

KIPIMO CHA TATU: JOTO

Amri nyingine ni vcgencmd measure_temp. Hii hukuambia joto la chipu. Ikifika digrii 80 za selsiasi, kompyuta huanza kupunguza kasi ili isiungue. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuitambua: video huanza vizuri, halafu baada ya dakika 10 au 15 huanza kuzorota.

Yetu tuliikuta na digrii 82, na si ajabu. Tulikuwa tumeisukuma ndani ya kabati la televisheni, ikabanwa kati ya ukuta na king'amuzi, juu yake pakatandikwa kitambaa cha kufuma. Tuliitoa hadharani, tukakiondoa kitambaa, na baada ya nusu saa ikashuka hadi digrii 61. Mahali penye joto kama Mombasa au Kisumu, kipande cha alumini cha kupozea au feni ndogo ni ununuzi wa busara, na bei yake haikaribii bei ya kompyuta.

Baada ya kurekebisha stima na joto, filamu za watoto zilizokuwa zikisumbua kwa majuma kadhaa zilianza kuteleza kama mafuta. Tukapiga makofi. Kisha tukarudia harusi, na bibi harusi akaganda mlangoni mwa kanisa vile vile.

Nyanya akasema hana neno, ataenda kulala.

KIPIMO CHA NNE: MTINDO

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo jibu letu lilipokuwa. Ukiifungua video kwa programu iitwayo VLC, ambayo ni ya bure, bonyeza Ctrl pamoja na herufi J. Kidirisha kitakuonyesha mtindo uliotumika kushindilia, ukubwa wa picha, na idadi ya picha kwa sekunde. Hayo matatu yaandike kwenye karatasi.

Yetu yalikuwa haya: H.264, nukta 3,840 kwa 2,160, picha 50 kila sekunde. Hicho ndicho kiwango kinachoitwa 4K, na picha yake moja ina nukta mara nne ya ile ya 1080.

Raspberry Pi 4 hukunjua H.264 kwa sehemu yake maalumu hadi 1080 kwa picha 60 kwa sekunde, si zaidi. H.265 huiweza hadi 4K kwa picha 60. VP9 na AV1 haina sehemu ya kuzikunjua hata kidogo. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba kikomo chake katika H.264 ni nukta zipatazo milioni 124 kwa sekunde, nayo video yetu ilikuwa ikiidai milioni 414. Tulikuwa tumempakia punda mmoja mzigo wa punda watatu, tena na zaidi, kisha tukamlaumu kwamba amezeeka.

Na je, tungalinunua mpya? Mwaka wa 2023 ilitolewa Raspberry Pi 5. Prosesa yake ina nguvu zaidi, lakini waundaji waliiondoa kabisa sehemu maalumu ya kukunjua H.264, wakaibakisha ya H.265 tu. H.264 ya kiwango cha 1080 huifanya kwa prosesa bila shida, lakini kwa video nzito ya 4K kama yetu hapana hakikisho. Kumbe tungaliweza kutumia karo ya mtoto, turudi nyumbani, na bibi harusi aendelee kuganda pale pale mlangoni!

TIBA YENYEWE

Video ambayo kompyuta haiiwezi yaweza kushindiliwa upya kwa kipimo inachokimudu. Programu ya HandBrake hufanya kazi hiyo bila malipo, na huwekwa kwenye Windows, Mac au Linux. Usiifanyie kazi hiyo kwenye kompyuta ndogo, kwani itahema siku nzima. Tafuta yenye nguvu kidogo.

Mpwa wangu alitumia laptopu yake. Alichagua H.264, nukta 1,920 kwa 1,080, picha 25 kwa sekunde. Nilimwuliza mbona 25 na si 30. Akanieleza kwamba 25 ni nusu kamili ya 50, kwa hivyo programu huacha picha moja na kuchukua moja, na mwendo hubaki sawa. Angechagua 30, zingeachwa ovyo, na watu wangeonekana wanachechemea. Kwa mabadiliko hayo mzigo ulipungua hadi sehemu moja kwa nane ya ule wa awali.

Aliiacha laptopu ikiunguruma usiku wa Jumamosi. Jumapili asubuhi faili ilikuwa tayari, na kutoka gigabaiti 18 ilikuwa imeshuka hadi chini ya tatu. Ile ya kwanza tuliihifadhi. Usifute kamwe faili asili, kwani siku moja utapata kompyuta inayoiweza.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni televisheni yenyewe. Ikiwa hakuna picha inayopotea, lakini kamera inapogeuka polepole unaona mruko mdogo unaojirudia, angalia mipangilio ya skrini. Video ya picha 25 haigawanyiki sawasawa kwenye skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde, bali hugawanyika kwenye 50. Badilisha iwe 50. Vile vile, ikiwa televisheni yako ni ya 4K lakini video zako ni za 1080, iagize kompyuta itoe 1080. Kuchora nukta nyingi bila sababu ni kujichosha.

KWA WANAFUNZI

Najua baadhi yenu mnasoma haya mkisema, "Mimi sina Raspberry Pi, nina laptopu ya mtumba." Vipimo ni vile vile: njia, stima, joto, mtindo. Laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa zimewekwa kwenye hali ya kuokoa betri, au matundu yake ya hewa yakiwa yamejaa vumbi au yameziba kwa sababu umeiweka juu ya blanketi.

Kuhusu mtindo, kumbuka hivi unapokwenda kununua. Kwa prosesa za Core za Intel zenye picha ndani yake, kizazi cha 6 hukunjua H.265 ya kawaida kwa sehemu maalumu. Kizazi cha 7 kiliongeza VP9 na H.265 ya biti 10, ambayo baadhi ya simu na kamera huitumia. AV1 ilianza na kizazi cha 11. Ndiyo sababu laptopu mbili za bei inayokaribiana zaweza kutofautiana kabisa katika kutazama video.

Na kwa wale wanaotazama masomo YouTube, bonyeza video kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague takwimu zilizo mwisho wa orodha. Utaona mtindo unaotumika: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, na av01 ni AV1. Utaona pia idadi ya picha zilizotupwa. Idadi hiyo ikiwa inapanda mbio huku sehemu iliyokwisha kupakuliwa ingali ndefu, usiilaumu bando yako, kompyuta ndiyo iliyolemewa. Shusha kiwango hadi 720. Kina nukta zisizofika nusu ya zile za 1080, na maandishi ya mwalimu ubaoni yatasomeka bado.

Ushauri mwingine kwa wanaopanga harusi, ruracio au mahafali: unapokubaliana na mpiga picha, mwombe nakala mbili. Moja ya kiwango chake cha juu kabisa, ya kuweka akiba. Nyingine ya 1080 kwa H.264, ya kutazamwa na watu. Mwambie mapema, kabla hajafunga kazi, kwani kwake yeye ni suala la kubonyeza mara chache tu.

Jumapili hiyo baada ya kanisa tulimrudisha Nyanya kwenye kiti cha mbele. Yeye mwenyewe akakivuta kiti hadi karibu na televisheni, kiasi cha mkono mmoja, jicho lake zuri likiwa limeelekezwa kwenye skrini. Alitazama dakika zote 40 bila kusema. Dada yangu alipopiga magoti mbele ya wazee kuombewa, Nyanya aliomba turudishe nyuma. Tukarudisha. Akaomba tena. Tukarudisha mara ya tatu.

"Hamkuniambia kwamba mvua ilinyesha," akasema hatimaye. "Mvua ni baraka. Hilo mngeniambia."

Jumatatu alfajiri mpwa wangu alimsindikiza hadi kituo cha basi. Jumanne tulilipa karo. Kompyuta yetu iliyodaiwa kuchoka ingali chini ya televisheni, bila kitambaa juu yake, na chaja yake nimeiandika jina kwa kalamu ya wino mzito ili asiichukue mtu tena.

Tuonane Jumapili ijayo.